Ukiona Kijipicha, Jua Ipo

Ukurasa ule ulikuwa mzuri, na balaa lote lilianzia kwenye uzuri wake.

Fundi aliutengeneza mwenyewe, katika chumba cha nyuma cha ofisi ya maziko ya mji, chumba chenye feni moja iliyozunguka pale tu ilipojisikia. Kazi aliyopewa ilieleweka hata kwa mtu asiyejua kompyuta. Vibali vya maziko vya miaka na miaka vipitishwe kwenye mashine ya kuskani na picha zake zihifadhiwe, halafu mwananchi akifungua tovuti aone safu za vijipicha, kila kibali na kijipicha chake kidogo kama stempu. Ukibofya kijipicha, kibali chenyewe kinafunguka kikubwa na kila neno linasomeka. Chini ya maneno kulikuwa na mchoro wa mkono, uliochorwa na msimamizi wa makaburi kuonyesha marehemu amelazwa wapi, na huo mchoro ndio watu walioutaka zaidi.

Watu waliusifu ukurasa. Bosi, ambaye manukato yake yalitangulia kufika kazini kabla yake, alikuwa akileta wageni kuwaonyesha. Aliteremsha ukurasa kwa kidole kimoja, na vijipicha vikapita mbele ya macho yao safu kwa safu, vyote vimesimama wima, havijapishana hata kidogo.

Mwanzoni havikusimama hivyo. Vibali vya watu wazima vilikuwa karatasi nzima za kusimama, na vya watoto vilikuwa nusu karatasi ya kulala, kana kwamba mtoto akifa hastahili hata karatasi nzima. Vilipochanganywa, ukurasa ukaonekana na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Bosi alikunja uso. "Fundi, hizi zilizolala zisimamishe zote. Sitaki mapengo."

Fundi akaongeza mstari mmoja tu kwenye programu yake: kila picha iliyolala, igeuzwe isimame. Mstari huo haukuuliza kama karatasi iliingizwa kwenye mashine kichwa mbele au miguu mbele. Vijana wa kuskani walikuwa wanaingiza vyovyote vile, mradi siku iishe, na yeye hakuona ubaya. Anayetaka kusoma si atabofya? Kibali kikubwa kikifunguka, atakigeuza mwenyewe mpaka maneno yasomeke.

Aliyebaki kuhakiki alikuwa karani wa masjala, mwanamke mnene mpole aliyekaa na yale mafaili muda mrefu mpaka kila mtu, mumewe akiwamo, akawa anamwita Mama Faili. Alimfuata Fundi mezani, miwani imemshuka puani. "Sasa baba, nitajuaje kama karatasi imeingia kweli?"

Fundi alikuwa na haraka zake. Hata hakugeuka. "Ukiona kijipicha, jua ipo."

Mama Faili aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Kufungua kibali kimoja kimoja kulichukua muda, maana mtandao wa ofisi ulikuwa unatambaa. Basi akawa anateremsha ukurasa, akiona kijipicha anatia alama ya vyema, anaendelea na kingine. Kila bunda lililopata vyema lilifungwa kamba na kupelekwa koridoni, na lori likaja kuyachukua mabunda kwenda kusagwa kiwandani. Chumba cha masjala kilikuwa kinatakiwa na watu wa barabara, na watu wa barabara hawakuwa na subira.

Barabara yenyewe ndiyo iliyoleta yote haya. Ilikuwa inapanuliwa, na ingepita katikati ya makaburi ya zamani. Tangazo likabandikwa kila mahali: mwenye ndugu yake pale afike aonyeshe kaburi, mabaki yatahamishiwa makaburi mapya, kila mtu shimo lake na kibao chake. Makaburi yasiyo na mwenyewe yatafukuliwa na mabaki yake kuzikwa pamoja, katika shimo moja.

Dada yake Fundi alilisoma tangazo hilo kwenye ukuta wa duka alikokwenda kununua uzi.

Dada huyu alikuwa mshonaji, na kwa Fundi alikuwa dada na mama kwa pamoja. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba Fundi mgongoni, akaendelea kumbeba hata alipokuwa mkubwa kiasi cha watoto wenzake kuanza kumcheka. Alipoolewa alizaa mtoto mmoja tu, wa kiume, akampa jina la babu yao. Kwa sababu ya jina hilo hakuna aliyethubutu kumwita vingine ila Mzee. "Mzee amelala." "Mzee hataki kuoga." "Mzee amekojolea tena kochi." Wageni walikuwa wakisikia hayo wanatikisa vichwa kwa huruma, wakidhani kuna mkongwe chumbani, mpaka Mzee mwenyewe atoke mbio bila nguo, kiatu kimoja mguuni.

Homa iliingia nyumba ile na kuwashika mama na mtoto kwa pamoja. Dada alilala hospitali hajitambui. Alipofumbua macho, Mzee alikuwa ameshazikwa. Fundi alikuwa mbali masomoni, kwa hiyo waliomzika mtoto walikuwa baba yake na majirani wachache, ambao nao walishahama kila mmoja na njia yake. Dada hakutaka kuonyeshwa kaburi. Kila Jumapili mumewe alikwenda peke yake, akarudi na udongo kwenye viatu, asiseme neno. Yeye alivichukua vile viatu akavifuta udongo wote, asiulize neno. Waliishi hivyo. Kisha siku moja mume akaanguka kazini, akafa pale pale, na njia ya kwenda kwa Mzee akaondoka nayo.

"Mdogo wangu," Dada alimwambia Fundi, Jumamosi moja mchana, barazani, mguu ukiwa kwenye pedeli ya cherehani. "Yale makaratasi mliyoingiza kwenye mashine. La Mzee nalo limo?"

"Yote yamo, dada."

"Na mchoro wake?"

"Na mchoro wake."

Pedeli ikasimama. "Basi nitafutie. Siku zote sikwenda kwa sababu ya woga, sitakudanganya. Lakini kumwacha akachanganywa na watu asiowajua, hapana. Yule mtoto hata kwa jirani alikuwa hakubali kulala. Nilikuwa nikimwacha kule anapiga kelele mpaka wanirudishie."

"Jumatatu nikifika tu nakutafutia," alisema Fundi, na akajisikia vizuri moyoni. Miaka yote alikuwa anatafuta jambo la kumfanyia dada yake, jambo la maana, na sasa lilikuwa limemjia lenyewe, tena jepesi.

Jumatatu aliandika jina la Mzee kwenye kisanduku cha kutafutia, na kijipicha kikajitokeza papo hapo. Akabofya. Ukurasa ukawa mweupe, na kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Kikazunguka weee, kikaacha. Akabofya tena. Akajaribu kibali cha mtoto mwingine, na cha mwingine, na cha yule wa safu ya chini. Vyote weupe mtupu. Vya watu wazima vilifunguka bila taabu. Vya watoto, hakuna hata kimoja.

Alijua kabla hajathibitisha, kama mtu anavyojua ameacha ufunguo ndani kwa ule mlio wa mlango kujifunga. Programu yake ilikuwa inatengeneza kijipicha kwanza, kisha ndipo inapeleka kibali kikubwa kwenye hifadhi. Hifadhi ilikuwa imejaa. Ilijaa tangu lilipoanza kuskaniwa kabati la watoto, lililoachwa mwisho kwa kuwa hakuna aliyependa kulishika. Vibali vikubwa vikawa vinakataliwa, vijipicha vinaendelea kupangwa kwenye ukurasa, vizuri, wima, bila mapengo. Mashine ilikuwa imelalamika kila mara, na malalamiko yake yalikwenda kwenye sanduku la barua pepe alilolifungua Fundi mwenyewe kwa kazi hiyo, asilichungulie hata siku moja.

Alipiga simu kiwandani. Aliyepokea alimwuliza kama anatania. Mzigo wa ofisi ya maziko ulishakuwa uji, na pengine ulishakuwa maboksi.

Mama Faili alipoambiwa alikaa kitini polepole. "Lakini nimeviona vyote, Fundi. Kwa macho yangu haya."

"Uliona vijipicha, mama."

"Si wewe uliyeniambia?" Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu.

Bosi alifunga mlango kwanza. "Wangapi wameshauliza?"

"Bado, Bosi. Mimi tu."

"Basi ondoa sehemu ya watoto. Andika kuna matengenezo. Wazazi wengi wanayajua makaburi ya watoto wao, hawana haja na mtandao."

"Na wasioyajua?"

"Hao ndio tangazo limewasemea." Akavuta karatasi nyingine karibu, ishara kwamba maongezi yamekwisha. "Na hili lisitoke humu. Wewe ndiye utakayeulizwa kabla yangu."

Fundi aliificha sehemu ya watoto kama alivyoagizwa, lakini kabla ya hapo alikihamishia kijipicha cha Mzee kwenye simu yake. Alikikuza. Kadiri alivyokikuza ndivyo kilivyovunjika kuwa miraba ya kijivu, maana kilikuwa kimepunguzwa rangi na ukubwa ili kiwe chepesi, na kilichokwisha kutupwa hakirudi. Maneno yalikuwa michirizi tu. Kati ya michirizi hiyo, maana kwenye nusu karatasi za watoto mchoro ulibanwa katikati, maneno juu yake na chini yake, ulionekana mchoro: uwanja wa watoto wenye pembe nne, njia ikiupasua katikati kutoka mwanya mmoja hadi mwanya wa pili, na kwenye kona moja doa jeusi lililokandamizwa kwa kalamu. Mzee alikuwa amezikwa kwenye kona.

Kona ni kona, akajipa moyo, kona haipotei. Akaondoka mchana huo huo kwenda makaburini.

Uwanja wa watoto ulikuwa na ukuta wa nyuma upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na bomba la maji na mti. Fundi alisimama njiani, akainua simu mbele ya uso. Akiishika hivi, doa liliangukia kona ya karibu na bomba, chini ya kivuli. Akiigeuza juu chini, doa liliangukia kona ya mkabala, kule ukutani, ambako watu wa upande wa pili walikuwa wanarusha taka. Mianya ilikuwa miwili, inafanana. Njia ilikuwa ile ile. Alikwenda kona ya bomba akakuta kituta kidogo kisicho na kibao. Akavuka uwanja hadi kona ya ukutani akakuta kituta kidogo kisicho na kibao.

Hapo ndipo alipoukumbuka ule mstari wake mmoja. Kijipicha kilikuwa kimesimamishwa, lakini hakuna aliyejua kama kilisimamishwa kwa miguu au kwa kichwa. Msimamizi alichora upande wa ukuta wa nyuma juu kila mara, kwa hiyo herufi moja tu ingesomeka, ingemwambia juu ni wapi. Hakukuwa na herufi.

Mchimba makaburi alikuwa amekaa juu ya toroli lake akivuta sigara. "Hao watoto wa zamani? Msimamizi aliyekuwa anachora alishastaafu akafa. Sisi tumeyakuta hivyo hivyo, ndugu. Hapa anayejua ni mzazi."

Njiani kwenda kwa Dada aliyapanga maneno yake. Angemwambia yote, hifadhi iliyojaa, ile jeuri yake ya kumjibu Mama Faili bila kugeuka, mstari wa kusimamisha picha. Angesema, dada, ni kona mbili, chagua wewe. Aliyarudia maneno hayo mpaka yakalainika mdomoni.

Alimkuta Dada ameacha nguo za wateja zimelundikana sakafuni. Mapajani alikuwa na kitambaa cheupe kipya, kidogo, ambacho alikuwa anakipiga pindo kwa mkono, kwa mishono midogo sana, ingawa cherehani ilikuwa mbele yake. Aliinua uso. Ulikuwa uso wa mtu ambaye hajalala tangu Jumamosi.

"Umempata?"

"Nimempata," alisema Fundi.

Yalimtoka tu. Alimhurumia dada yake, hilo ni kweli, lakini alijihurumia na yeye pia, na mtu akipima sijui lipi lilikuwa zito zaidi.

"Yuko wapi?"

Sasa ilibidi pawe mahali. Alimwonyesha kijipicha kwenye simu, akakiondoa haraka. "Kona ya karibu na bomba. Kuna mti, kuna kivuli."

Dada alijifunika uso kwa kile kitambaa, mabega yakatikisika kwa muda mrefu. Alipokishusha alikuwa anacheka machozi yakimtiririka. "Karibu na bomba. Haya sasa. Alivyopenda maji yule mtoto, si nilikuwa namtoa kwenye beseni kwa ugomvi? Baba yake alijua pa kumlaza. Na mimi nilimnunia yule bwana mpaka anakufa, nikidhani amemtupa tu mahali popote."

Baada ya maneno hayo Fundi hakuwa na mlango wa kurudia. Angeanzaje? Aliinama akaanza kuokota nguo za wateja, akizikunja moja moja na kuziweka juu ya kiti.

Siku ya kuhamisha ilikuwa na mawingu mazito yasiyonyesha. Vibarua walishatia rangi nyekundu kwenye vituta visivyo na mwenyewe. Dada alikwenda moja kwa moja hadi kona ya bomba bila kuongozwa, akavua viatu, akasimama. Wakachimba. Kilichotoka kilikuwa kidogo, udongo mwingi na vipande vyembamba, na mchimbaji alivipokea kwa viganja kwa adabu asiyofundishwa na mtu. Dada hakuangalia. Alitoa kile kitambaa cheupe, kikafungwa, kikawekwa kwenye kisanduku cha mbao.

"Mzee," alisema, kwa sauti ile ile ya zamani ya kumwita kutoka uani. "Nimekuja. Nimechelewa, lakini nimekuja." Akakibeba kisanduku mwenyewe hadi kwenye gari. Watu walitaka kumsaidia, akakataa.

Fundi alibaki nyuma kidogo. Kona ya ukutani vibarua wengine walikuwa wameshafika kwenye kituta chenye rangi nyekundu. Walikuwa wanachimba huku wanaongea mpira. Walichokipata walikitia kwenye gunia pamoja na vya wengine, wakafunga mdomo wa gunia kwa kamba, wakahamia kingine.

Makaburi mapya yalikuwa nje ya mji, hayana hata mti, ila vibao vyote vilikuwa vipya. Mzee akapata kibao chenye jina lake zima. Dada akarudi kuwa mtu. Alianza kula, akachukua kazi za wateja, akaimba kidogo akidhani hasikiwi. Kila Jumapili alikwenda kule na chupa ya maji, na Fundi akawa anakwenda naye, anakaa pembeni wakati dada yake akimsimulia mtoto habari za mtaa. Kulikuwa na nusu ya uwezekano kwamba anamsimulia Mzee kweli. Fundi aliishi juu ya nusu hiyo. Kuna siku alikaribia kuiona ni nzima.

Kisha Bosi akapita mlangoni. "Ile sehemu ya watoto bado inakula nafasi. Makaburi yenyewe hayapo tena. Futa."

Alikuwa hajaifungua tangu siku ile aliyoificha. Akaifungua ili ahakikishe anachofuta, na vijipicha vikajipanga, safu kwa safu, vidogo, jinsi alivyovitengeneza vionekane. Aliteremsha ukurasa polepole. Aliteremsha tena. Mkono ukasimama.

Kwenye kila kijipicha, pembeni, kulikuwa na kivuli kidogo cha kijivu. Kwenye picha moja ungedhani ni uchafu wa kioo cha mashine. Yeye mwenyewe alikuwa amekitazama cha Mzee mara zisizo na idadi, amekikuza mpaka kikawa miraba, na hakukiona hata siku moja, maana ukikikuza kinasambaa, kinapotea. Lakini vikiwa vidogo, vingi, kimoja kando ya kingine, macho yalikiona bila kutafuta. Kwenye vingine kivuli kilikuwa juu kulia, kwenye vingine chini kushoto, hakikukaa pengine popote.

Ulikuwa mhuri. Akafungua vibali vya watu wazima, vile vilivyosalimika. Mhuri wa ofisi ulipigwa mahali pale pale kila mara, chini kulia mwa karatasi, na mikono iliyozoea. Akachukua nusu karatasi tupu, akaweka alama ya mhuri chini kulia, akaisimamisha kama programu yake inavyosimamisha, akaigeuza na kuigeuza tena juu ya meza mpaka hapakuwa na namna ya kujidanganya. Juu kulia, karatasi iliingia kichwa mbele. Chini kushoto, iliingia miguu mbele, na mchoro wote usomwe kinyume.

Cha Mzee kilikuwa chini kushoto.

Alikaa. Feni ilijisikia, ikazunguka, ikaacha. Mzee alikuwa amelala kona ya ukutani. Vibarua walimtia kwenye gunia wakiongea mpira, na sasa yuko kwenye shimo la pamoja, kati ya watu asiowajua, mtoto ambaye hata kwa jirani hakukubali kulala. Na kule chini ya kibao chenye jina lake, amefungwa kitambaa kilichopigwa pindo kwa mkono, kuna mtoto wa mtu mwingine anayesimuliwa habari za mtaa kila Jumapili. Fundi alijaribu kujifariji kwamba huyo walau amepata mama. Faraja haikukaa. Alichokuwa anakihitaji siku ile makaburini alikuwa nacho siku zote, kilikuwa kwenye ukurasa wake mwenyewe, aliouficha mwenyewe kwa kuwa Bosi alisema.

Akafuta sehemu ya watoto. Programu ikamwuliza kama ana uhakika, akajibu ndiyo.

Jumapili iliyofuata, walipokuwa wanarudi, Dada alimshika mkono. "Ile picha yako ya karatasi ya Mzee, bado unayo kwenye simu?"

"Ninayo."

"Nitolee basi, niiweke kwenye fremu. Nguo zake walizichoma zote kwa ajili ya homa. Sina kitu chake hata kimoja. Hata ikiwa ndogo."

Kesho yake Fundi alikifungua kijipicha kwenye kompyuta ya kazini. Mhuri ulikuwa chini kushoto, doa likionyesha ukutani kwa yeyote ambaye angejua kusoma. Akaukata ule mhuri na kuubandika juu kulia, mahali pake pa haki kwa mtoto mwingine, na doa, bila kusogea, likawa linaonyesha bomba. Akahifadhi. Akachapa.

Dada alikuwa ameshanunua fremu. Aliiweka picha nyuma ya kioo, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaisogeza karibu na macho. "Juu ni huku?"

"Ni huku, dada."

"Na hii nukta ndiyo yeye. Na hapa ndipo bomba." Kidole chake kilifuata njia, kikavuka uwanja wote, kikasimama upande wa pili, penye weupe. "Kule ukutani nako siku ile niliona wanachimba kadogo kengine. Kalipata mwenyewe?"

"Hakakupata."

Dada alitikisa kichwa, akatazama ile sehemu nyeupe kwa huruma ya kweli. "Maskini. Mama yake naye angekuwa na ndugu kama wewe, angekapata."

Akampa Fundi nyundo, akamwonyesha kwenye ukuta mahali alipotaka msumari.